Fundi wa tatu huyu, na beringi bado zinakufa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nasimamia zamu kwenye mashine ya kukoboa na kusaga mahindi hapa Morogoro. Beringi ya shafti, upande wa puli (gurudumu linalozungushwa na mikanda ya mota), haimalizi mwezi. Tumebadilisha chapa, tumeongeza grisi, bosi ameshaachisha kazi mafundi wawili. Nimesikia kuna njia ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Inasaidia kweli au ni maneno ya semina?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Inasaidia, ila kabla hujauliza chochote, kaiokote beringi ya mwisho kwenye vyuma chakavu. Ioshe kwa mafuta ya taa uitazame juani. Ikiwa imegeuka kahawia au bluu, ilichemka. Ikiwa ina vishimo vilivyoachana sawasawa na gololi, ilivalishwa kwa nyundo. Ikiwa imelika sana upande wa mota, mikanda inaivuta kupita kiasi. Na hiyo grisi punguzeni: beringi iliyoshindiliwa grisi huchemka kwa kuivuruga tu.

Njia yenyewe ilitoka Toyota. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni hiyo, aliieleza kwa mashine iliyosimama. Fyuzi imeungua, kwa sababu mzigo ulizidi. Mzigo ulizidi kwa sababu beringi haikupata mafuta ya kutosha. Mafuta hayakufika kwa sababu pampu haikuvuta vizuri, shafti yake imelika. Imelika kwa sababu hapakuwa na chujio, chembe za chuma zikaingia. Ukiishia kwenye fyuzi, utanunua fyuzi kila wiki.

Wengi wanakosea hapa: wanakaa ofisini na kujibu "kwa nini" zote tano kwa kukisia. Kila jibu liwe kitu ulichokiona au kukipima, la sivyo mnatunga hadithi. Tano nayo si amri. Mara nyingine ni tatu, mara nyingine njia inagawanyika na unafuata mbili.

Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na ugonjwa kama wenu. Beringi ilikuwa imelika upande wa mota. Kwa nini? Mikanda ilikazwa mno. Kwa nini? Ilikuwa ikiteleza, fundi akikaza kila asubuhi. Kwa nini iteleze? Puli ilibeba mikanda mitatu, mmoja mpya na miwili iliyokwisha kuvutika, kwa hiyo ule mpya ulibeba karibu mzigo wote. Kwa nini isibadilishwe yote kwa pamoja? Pesa ndogo ndogo ya msimamizi ilitosha mkanda mmoja. Zaidi ya hapo lazima saini ya mhasibu, na mhasibu alikuja Ijumaa tu. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana hata mimi nilikuwa nimemlaumu fundi. Tukaweka seti nzima stoo, na beringi zikatulia.

Mafundi wenu wawili huenda walikuwa wazembe, sijui. Lakini jibu likiishia kwenye jina la mtu, uliza tena: kwa nini hata fundi wa tatu anafanya vilevile?

Anza na mikanda. Angalia kama yote ni ya umri mmoja, kisha laza rula ndefu au uzi kwenye nyuso za puli mbili uone kama zimenyooka. Beringi ikifa tena, tia alama ya rangi kwenye ringi yake ya nje kuonyesha upande wa mota kabla ya kuitoa, uniandikie imelika wapi.