Babu anasema Pelé alichezea timu mbili siku moja

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ila sasa nipo New Jersey, Marekani, mwaka wa tatu huu, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Babu ninayemhudumia ana miaka 84, mzaliwa wa Kearny, na maradhi yake makubwa ni mpira. Siyo ule wao wa kuvaa kofia za chuma, ni huu wetu wa miguu. Kila asubuhi nikimpa uji ananisimulia. Eti Pelé alichezea timu mbili katika mechi moja. Eti waliwahi kupaka uwanja rangi. Eti kwao hakukuwa na sare, mchezaji alihesabiwa sekunde akimfuata kipa. Eti waliifunga Uingereza kwa goli la muosha vyombo. Daktari amesema kumbukumbu zake zinapungua, na wanawe wameniambia nimwitikie tu. Lakini yeye hutoa kijitabu cha mechi kwenye kopo la biskuti, kurasa zimejikunja na kugandana, ananiambia, “Soma!” Majuzi ameanza kudai nimpeleke Giants Stadium. Nimwitikie tu, au kuna ukweli?
Mtunza Babu, New Jersey

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimwitikie tu, msikilize. Katika hayo uliyoniandikia babu hajakosea hata moja, isipokuwa hilo la mwisho, nalo nitalifikia.

Tarehe 1 Oktoba 1977, Giants Stadium, New York Cosmos, timu yake ya Marekani, walicheza na Santos ya Brazil kumuaga Pelé. Kipindi cha kwanza alivaa jezi ya Cosmos na akafunga kwa mpira wa adhabu. Kipindi cha pili akavaa ya Santos, timu iliyomlea. Cosmos wakashinda 2-1 mbele ya watu zaidi ya 75,000, Muhammad Ali akiwemo. Na siku hiyo mvua ilinyesha. Sasa kiangalie tena hicho kijitabu chenye kurasa zilizogandana, halafu uniambie kama babu anabuni.

Rangi nayo ni kweli. Pelé alipocheza mara ya kwanza na Cosmos, Juni 1975, uwanja wa Randall's Island ulikuwa na vipara, na mechi inaonyeshwa kwenye televisheni. Wakapuliza rangi ya kijani. Inasimuliwa kuwa Pelé aliiona miguu yake ya kijani akadhani ameshapata fangasi.

Kuhusu sare, Wamarekani hawakuelewa mtu alipe kiingilio, akae dakika 90, kisha arudi nyumbani hajui nani kashinda. Ligi yao ya NASL ikaamua kuwa timu zikilingana, mchezaji anaanza na mpira yadi 35 kutoka golini, kama mita 32, na ana sekunde 5 za kumaliza kazi. Kipa naye ruksa kutoka kumkabili. Wataalamu waliicheka sana. Mimi, nisifiche, naipenda kuliko penalti, maana pale kipa habahatishi upande, anacheza mpira.

Muosha vyombo ni Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuwa akisoma uhasibu New York huku akiosha vyombo mgahawani. Hata uraia wa Marekani hakuwa nao. Tarehe 29 Juni 1950, kwenye Kombe la Dunia kule Belo Horizonte, Brazil, aliutia mpira wavuni kwa kichwa, Uingereza wakalala 1-0.

Lakini lililonikalisha kitako ni hilo neno Kearny. Mwanangu, hujui unaishi wapi! Waskoti walihamia hapo tangu karne ya 19 kufanya kazi kwenye viwanda vya nyuzi, wakaja na mpira wao. Mji mdogo, ila kikosi cha Marekani cha Kombe la Dunia la 1990, na kile cha 1994, vilikuwa na vijana watatu wa mitaa hiyo: John Harkes, Tony Meola na Tab Ramos. Muulize babu, huenda aliwaona wakiwa bado wanafukuza mpira na kaptura za shule.

Ninachomhurumia ni upweke. NASL ilikufa baada ya msimu wa 1984, ligi mpya, MLS, ikaanza 1996. Piga hesabu mwenyewe. Shabiki wa Yanga anaamka akijua wa Simba anamsubiri kituo cha daladala amtanie, na hata akifungwa ana mtu wa kubishana naye. Tarehe 19 Novemba 1989, Paul Caligiuri alipiga shuti la mbali mjini Port of Spain, Trinidad na Tobago wakafungwa 1-0, Marekani wakafuzu Kombe la Dunia baada ya miaka 40. Kesho yake asubuhi, nje ya Kearny, babu angemsimulia nani?

Sasa Giants Stadium. Ulibomolewa mwaka 2010. Pembeni yake umesimama uwanja wa MetLife, uliopewa fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 19 Julai 2026. Usimzungushe kwenye maegesho ya magari akitafuta geti ambalo halipo. Mpeleke Harrison, pua na mdomo na Kearny, kwenye uwanja wa New York Red Bulls uliojengwa kwa ajili ya mpira wa miguu. Mchukulie viti vya karibu na lifti, beba blanketi, na kijitabu kibaki kwenye kopo lake. Kimeshalowa mara moja, inatosha.

Na siku akiwa kimya mno, mwambie umesikia Giorgio Chinaglia, mshambuliaji wa Kiitaliano, aliifungia Cosmos magoli mengi kuliko Pelé. Ni kweli tupu, lakini sogeza kwanza kikombe cha chai.