Programu ya majina ya kemia: anza kusoma jina kutoka mwisho

Kama umepewa kazi ya stoo ya dawa, tafsiri au ununuzi wa kemikali na hukusoma kemia, jifunze OPSIN mapema. Ni programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Cambridge: unaandika jina la kimfumo, yaani jina linaloeleza muundo wa molekuli, yenyewe inachora molekuli. Ila inachora ulichoandika, si ulichokusudia. Majina ya biashara kama Panadol haiyajui. Hayo yatafute PubChem, hifadhidata ya bure ya kemikali mtandaoni.

Kabla hujabonyeza chochote, soma jina ukianzia mwisho. Chukua parasetamoli: N-(4-hydroxyphenyl)acetamide. Shina ni acetamide, lenye kaboni 2, oksijeni na naitrojeni. Ile N ya mwanzo inakuambia tawi limeshika kwenye naitrojeni, si kwenye kaboni. Vyote vilivyo ndani ya mabano ni tawi moja: pete ya kaboni 6, na kwenye kaboni ya 4, mkabala kabisa na pale pete iliposhikia, kuna OH. Chora kwa penseli, kisha liandike jina uone kama michoro inalingana. Fanya hivyo kwa majina kumi. Mabano hayatakutisha tena.

Makosa mengi huletwa na kunakili. Ukitoa jina kwenye PDF, namba 1 inaweza kugeuka herufi l, programu ikagoma. Hilo si baya, maana unaliona. La hatari ni nafasi kati ya maneno. Phenyl acetate ni esta, C8H8O2. Ukiyaunganisha, phenylacetate, umepata ayoni yenye chaji hasi, C8H7O2, na programu haitalalamika hata kidogo. Kwa hiyo linganisha fomula na ya kwenye lebo, kila mara.

Hata jina bovu huchorwa. 2-ethylpropane itakupa mchoro safi, ilhali mnyororo mrefu una kaboni 4 na jina lake ni 2-methylbutane. Nakili SMILES uliyopewa, yaani molekuli iliyoandikwa kama mstari mmoja wa herufi, ibandike PubChem, usome jina linalotokea.

Fomula nayo haitoshi: propan-1-ol na propan-2-ol zote ni C3H8O. Hapo linganisha InChIKey, msimbo wa herufi wa kutambulisha molekuli, uliogawanywa makundi kwa vistari. Herufi 14 za kwanza zikitofautiana, ni vitu viwili. Kundi la pili likianza na UHFFFAOYSA, mchoro hauna taarifa ya mkono wa kulia au kushoto, yaani molekuli zinazofanana kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Kama lebo ilikuwa na (R) au (S), alama za mkono huo, umeidondosha, rudi uiandike.