Noti za Ziada Zinatoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina rekodi ya wimbo wa kikundi chetu ambamo gitaa, besi, ngoma na waimbaji wawili vimo katika faili moja. Nilitaka kuzipata sehemu za gitaa na besi katika MIDI ili nirekebishe noti na kubadilisha ala, lakini programu imenipa msitu wa noti zisizoeleweka. Je, ninunue programu nyingine?

JIBU: Usinunue bado. Faili la MIDI, mfumo uliotoka mwaka 1983, halibebi sauti bali maagizo: noti ipi ipigwe, ianze na kuachwa lini, na kwa nguvu kiasi gani katika kipimo cha 0 hadi 127. Rekodi yako haina maagizo hayo, kwa hiyo programu hulazimika kuyakisia kutokana na sauti zilizokwisha kuchanganyika. Gitaa likipiga La (noti A) ya mitetemo 110 kwa sekunde, ndani ya noti hiyo hiyo imo pia mitetemo 220, 330, 440 na kuendelea. Programu inaweza kuiandika 220 kuwa La nyingine na 330 kuwa Mi, ingawa mpigaji hakuzigusa. Ukiongeza besi na waimbaji wawili, ambao kila mmoja ana mitetemo yake ya namna hiyo, msitu uliouona haushangazi.

Tenganisha kwanza, ndipo ugeuze. Programu ya Spleeter, iliyotolewa bure na kampuni ya muziki ya Deezer mwaka 2019, inaweza kugawa wimbo katika waimbaji, ngoma, besi na mabaki. Na kwa kuwa wimbo wenu hauna ala nyingine, mabaki hayo kwa sehemu kubwa yatakuwa gitaa lenyewe. Kisha geuza kila sehemu kwa njia inayoifaa. Programu ya kutengenezea muziki ya Ableton Live, kwa mfano, tangu toleo la 9 huitofautisha melodia ya noti mojamoja na noti zinazopigwa pamoja, na ngoma ina njia yake. Besi huhitaji ile ya kwanza, gitaa linalopiga noti kadhaa pamoja huhitaji ya pili. Kama huna programu hiyo, Basic Pitch ya Spotify ni ya bure, na huandika hata mitelezo midogo ya noti, ingawa mitelezo hiyo huwa kero unapokipa kinanda sehemu iliyopigwa kwa gitaa.

Usafi bado utakuwa kazi ya masikio yako. Anza na noti fupi mno na zile zenye nguvu ndogo, kisha zichunguze zinazoanza pamoja na noti ya chini yake zikiwa juu kwa nusu-toni 12 (yaani oktava moja) au 19, kama zile La na Mi za mfano wetu, kwa maana hizo ndizo zinazotiliwa shaka zaidi. Usizifute zote kwa mkupuo, kwani mpigaji huweza kuwa aliipiga oktava kwa makusudi. Ikiwa mlirekodi bila metronomu (kifaa cha kutunza mapigo), usizivute noti kwenye gridi, yaani mistari ya mapigo ya programu, kabla ya kuifuatisha tempo (kasi ya mapigo) ya programu na mwendo wa rekodi, la sivyo zitaangukia mapigo yasiyo yake.

Gitaa lenye distosheni nzito, yaani mlio uliokwaruzwa kwa makusudi, ni suala jingine: distosheni huiongeza nguvu mitetemo ile ya juu, na kwa maoni yangu ni haraka zaidi kulisikiliza na kulipiga upya kwa kinanda cha MIDI kuliko kusafisha makisio yake.