Mistari kibao kwenye jeli, ipi ni ya plasmidi?

SWALI: Habari za kazi. Nimeingiza plasmidi (kipande kidogo cha DNA cha mviringo) yenye jeni ninayoichunguza ndani ya bakteria E. coli, nikavunja seli nikapitisha protini kwenye jeli inayozitenganisha kwa ukubwa, sasa mistari imejaa kibao na nikiweka pembeni bakteria wasio na plasmidi naona ni ile ile tu. Nitajuaje ipi imetoka kwenye plasmidi, au jeni yangu haifanyi kazi? – Mwanafunzi wa biolojia

JIBU: Pole sana, ila usiitupe hiyo plasmidi bado. Kromosomu ya E. coli ina jeni zaidi ya 4,000 na nyingi kati ya hizo zinatoa protini zao humo humo, sasa hako kamoja kako utakaonaje? Inabidi kwanza uinyamazishe kromosomu.

Kuna waliotumia viseli vidogo vinavyozaliwa bila kromosomu, vinafaa ila kuvitenga na seli nzima ni kazi ya kuchosha. Mi napenda zaidi njia ya Aziz Sancar na wenzake ya mwaka 1979 (ndo huyo huyo aliyepata Nobeli ya kemia 2015). Unachukua E. coli asiyeweza kukarabati DNA yake, unampiga mionzi ya urujuanimno kidogo tu. Kromosomu ina herufi za DNA kama milioni 4.6 kwa hiyo lazima ipigwe sehemu nyingi, na kwa vile hakuna wa kuitengeneza inaliwaliwa mpaka inaisha, lakini plasmidi kama pBR322 ina herufi 4,361 tu halafu zipo nakala nyingi, kwa hiyo zipo zinazopona kabisa na zinaendelea kuzaliana kama kawaida. Baadaye unaweka sikloserini, ni antibiotiki, hii inaua zile seli zinazoendelea kukua, manake hizo ndo kromosomu yao ilipona. Kesho yake unawapa methionini (asidi amino) yenye salfa-35, salfa ya mnururisho inayoingia kwenye protini zinazotengenezwa wakati huo, unapitisha jeli, unalaza filamu ya eksirei juu yake, kitakachotokea ni protini mpya tu na karibu zote ni za plasmidi.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea, naomba uwe makini kweli: lazima uendeshe na plasmidi tupu, isiyo na jeni yako, pembeni. Jeni ya kuhimili antibiotiki ya ampisilini iliyo kwenye plasmidi yenyewe inatoa kimeng'enya cha betalaktamezi, na mara nyingi inatokea mistari miwili, ule wa protini ndefu ambayo haijakatwa kipande chake cha mwanzo na ule wa iliyokwisha katwa, mtu anaona anashangilia kumbe si yake. Halafu ukishapata mstari unaoushuku, ikatize jeni yako katikati urudie, mstari ukipotea au ukawa mfupi ndo uamini. Na kama protini yako haina methionini itafifia au isionekane kabisa, hapo tumia asidi amino nyingine yenye mnururisho.

Kibali cha vitu vya mnururisho kiwepo kabla hujagusa salfa. Anza na plasmidi tupu peke yake, ukiiona betalaktamezi safi bila makelele nyuma basi dozi ya mionzi iko sawa, hapo weka ya kwako.