Kabla hujabadilishana gari, litengeneze kwanza lako

Ujumbe wa dalali uliingia saa mbili usiku. Picha sita za Subaru Impreza WRX ya bluu, sauti ya ekzosi ya sekunde kumi, na maneno machache chini yake: "Mkubwa, jamaa anaitaka Altezza. Mwongezee milioni nne na nusu, kesho mnabadilishana." Nilikuwa nimekaa kibarazani nyumbani Nyegezi, Toyota Altezza yangu iko mbele yangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano nikaitazama kama gari la mtu mwingine.

Usiku ule sikulala vizuri. Nimeona vijana wengi hapa Mwanza wakipita njia hiyohiyo, wengine wakatoka nayo vizuri na wengine gari likaishia kulala gereji mwaka mzima. Kwa hiyo naandika nilivyofanya mimi, hatua kwa hatua, maana swali la "nina hili, napewa lile, nibadilishe?" naulizwa karibu kila wiki.

Dalali anapokuletea ofa ya namna ile, anakuletea maswali mawili yakiwa yamefungwa kwenye furushi moja. La kwanza: je, uko tayari kuachana na gari lako? La pili: je, gari hili hasa, lenye chesisi hii na injini hii, ndilo unalolitaka? Juu ya furushi anaweka neno "kesho", ili usipate muda wa kulifungua. Mimi nikamjibu kwamba nahitaji wiki tatu. Akasema jamaa hatasubiri. Jamaa alisubiri.

Nianze na swali la kwanza, maana ndilo watu wanaloliruka.

Altezza yangu ni RS200, chesisi SXE10, injini ya 3S-GE ya silinda nne ambayo kichwa chake Toyota walishirikiana na Yamaha, nguvu farasi 210, gia sita za mkono, inasukuma kwa nyuma. Ilipotoka mwaka 1998 ilishinda tuzo ya gari bora la mwaka kule Japani, na mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, ni mmoja wa waliofanya kazi kwenye ile AE86, Corolla ya michezo ya miaka ya 1980. Naandika haya ili usichanganye: kuna Altezza nyingine, GXE10, ya silinda sita za mstari, tulivu zaidi na yenye nguvu ndogo. Kwa nje ni mapacha. Nembo ya nyuma inanunuliwa dukani, lakini herufi za chesisi kwenye kadi ya gari zinakuambia ukweli, kwa hiyo soma kadi kabla hujasoma buti.

Nilikuwa nimeichoka. Kila nikipita kwenye njia za mawe za mitaa ya mlimani, mbele kulikuwa kunagonga ko-ko-ko. Usukani ulikuwa unatafuta barabara badala ya kuifuata. Ukikanyaga mafuta kutoka chini, injini inasita kidogo kabla ya kuamka. Nikampelekea fundi wangu wa Nyakato, mzee ambaye ameshika magari ya Kijapani tangu mimi niko shule ya msingi, nikamwambia nataka kuibadilisha. Akalala chini ya gari, akatikisa mkono wa chini kwa nyundo ya mpira, akatoka akiwa anafuta mikono.

"Mwanangu, wewe hujachoka na gari. Umechoka na bushi."

Tukakubaliana nilitengeneze kwanza ndipo niamue. Bushi (zile raba za maungio) za mikono ya chini, bolijointi mbili za mbele, shokapu mbili za nyuma, plagi nne, na mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, kwa sababu mkanda ulikuwa umepita kilomita 100,000 na nilikuwa nauahirisha. Vipuri vikatoka Kariakoo kwa basi, nikavipokea stendi ya Nyegezi. Pamoja na ufundi, shilingi 940,000. Rafiki yangu mmoja aliniona mjinga: kwa nini uweke pesa kwenye gari unalotaka kuliondoa? Lakini fikiria. Yule unayebadilishana naye na yeye ana fundi. Kila kinachogonga kwenye gari lako atakikata kwenye bei, na atakikata kwa hesabu ya woga wake, ambayo siku zote ni kubwa kuliko bei ya bushi. Zaidi ya hapo, usipolitengeneza huwezi kujua kama unalikimbia gari au unaukimbia ubovu ambao fundi angeumaliza kwa siku mbili.

Jumapili ya kwanza baada ya matengenezo niliondoka alfajiri, nikapita Igoma, Kisesa, hadi Magu na kurudi. Ziwa lilikuwa linajitokeza na kupotea upande wa kushoto nikienda. Gari lilikuwa limerudi kuwa lile nililolinunua. Usukani umetulia, gia zinaingia kama funguo kwenye kufuli jipya, na injini inapanda mpaka mzunguko wa 7,000 bila kulalamika. Nilipofika Magu nikazima, nikanywa chai, nikajiambia: sibadilishi.

Wiki iliyofuata ikanyesha, na nilikuwa nakwenda kwa mama.

Mama anaishi ndani kidogo ya Sengerema. Zamani safari hiyo ilikuwa inategemea kivuko cha Kigongo, na mtu alikuwa anakwenda kwa mwezi mara moja kwa sababu ya foleni. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, yale maji ya Kigongo hadi Busisi ni kilomita 3 za lami juu ya ziwa, dakika chache tu, na mimi naenda kila wiki. Matumizi yangu ya gari yalikuwa yamebadilika na sikuwa nimeligundua hilo. Lami ikiisha kunabaki kilomita tisa za udongo, na siku ile Altezza ilizungusha matairi ya nyuma mahali pa mteremko mdogo tu, ikakaa ubavu. Vijana wawili wa bodaboda wakanisukuma. Nilifika kwa mama nimejaa tope mpaka magotini, akaniuliza, "Hivi baba, hakuna gari linalovuta kwa mbele na nyuma?"

Lipo, na ndiyo sababu hasa ya kuitaka Impreza. Safari hii nilikuwa naitaka nikiwa na gari zima, lisilo na kasoro, nikijua linachoweza na lisichoweza. Nikiitamani wakati langu linagonga, nisingeweza kuyaamini macho yangu. Kwa hiyo swali la kwanza likapata jibu: ndiyo, kwa maisha ya sasa niko tayari kuachana na Altezza. Jibu hilo lilinichukua wiki mbili na shilingi 940,000, na sijutii hata senti.

Swali la pili ni la gari lenyewe, na hapa mapenzi hayasaidii. Sisi wa Afrika Mashariki Subaru imetuingia damuni kupitia Safari Rally. Colin McRae alipoishinda mwaka 1997 akiwa na Impreza, watoto wengi wa upande huu wa ziwa tuliapa kuwa tutakuja kuimiliki. Injini ya EJ20 silinda zake zimelala, mbili huku na mbili kule, uzito unakaa chini, na turbo inaipa WRX nguvu nyingi. Lakini gari ulilolipenda tangu utotoni unaweza kulisamehe mambo ambayo hungemsamehe mwenye Corolla.

Tulikubaliana na mwenye Impreza tufike saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Fundi wangu akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kabla hata hajaitikiwa alikuwa ameweka kiganja chake juu ya boneti. Akakiacha pale kwa muda. Kisha akanitazama.

"Limepata moto hili."

Mwenyewe akasema alikuwa amelipasha kidogo tu ili tusichelewe. Yawezekana kabisa. Ila injini iliyopata moto inaficha mambo: pistoni iliyolegea hugonga ikiwa baridi na hunyamaza ikipanuka, na moshi wa oili iliyochuruzika usiku huwa umeshatoka wote. Fundi akasema kwa upole kwamba tutarudi kesho yake, na tukaomba lisiguswe.

Kesho yake boneti ilikuwa na umande. Likawashwa. Kwa sekunde kama ishirini nilisikia mlio mzito wa kugonga, wa chini, upande wa abiria, na nyuma ukatoka moshi wa rangi ya samawati ambao ulikaa hewani kuliko nilivyopenda. Tukaliacha lipate moto ndipo fundi akaanza kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Kufungua plagi za Subaru ni kazi ya uvumilivu, maana zimeelekea ubavuni, mkono unaingia na uso hauingii. Silinda ya kwanza ikasoma psi 142, ya pili 140, ya tatu 138. Ya nne ikasoma 112. Akarudia, ikaja ileile. Akamimina oili kidogo kwenye tundu la ile ya nne, akapima tena, sindano ikapanda hadi 130. Kwa wasiojua: namba ikipanda baada ya kutia oili, upepo ulikuwa unapita kwenye ringi au pistoni, si kwenye valvu. Shida haikuwa udogo wa namba hizo. Silinda tatu zilikuwa zinakwenda pamoja na moja imeachwa nyuma.

Halafu akaniambia nishike tochi. Namba ya injini ya EJ20 imepigwa juu ya bloku, karibu na inapoungana na gia boksi. Tukaifuta vumbi kwa kitambaa na kuilinganisha na kadi. Hazikufanana. Mwenyewe akaeleza, bila kuficha, kwamba injini ya mwanzo ilichemsha akabadilishiwa, na hakwenda kuliandikisha hilo. Namwamini. Lakini ningelichukua vile, mimi ndiye ningebaki na gari ambalo mwili wake na karatasi zake ni vitu viwili tofauti.

Jambo dogo la mwisho: matairi ya mbele mapya, ya nyuma yamekwisha. Kwenye gari linalovuta kote, tofauti kubwa ya matairi inaitesa difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kila kilomita. Ukiona hivyo, jiulize kitu gani kingine kimefanywa nusu.

Akashusha nyongeza hadi milioni tatu. Ilinishawishi, nakiri. Fundi akanipigia hesabu ya kufungua injini: pistoni, ringi, beringi, gasketi za silinda hedi pande zote mbili, haipungui milioni tatu na nusu, na hapo ni kama hakuna kingine kitakachoonekana ndani. Nikamshukuru mwenyewe, tukaagana vizuri.

Hapa nisisitize suala la pesa. Nyongeza unayotajiwa na dalali si bei ya kubadilisha gari. Bei ni nyongeza hiyo, pamoja na miezi sita ya kwanza ya kulifahamu gari jipya kwako, pamoja na mafuta. Mimi natembea kama kilomita 270 kwa wiki. Altezza yangu inanipa kilomita 9 na nusu kwa lita. WRX ya rafiki yangu, kwa njia zilezile, inampa 7 na nusu. Hiyo ni zaidi ya lita 30 za ziada kila mwezi. Kama nyongeza ya milioni nne inamaliza akiba yako yote, subiri. Baki na angalau theluthi ya kiasi hicho mfukoni siku ya makabidhiano, vinginevyo kipuri cha kwanza kitakufanya ulichukie gari lisilo na kosa. Na zile rimu za inchi 17 ulizonunua kwa jasho, usizihesabu, hakuna atakayekulipa.

Kuhusu karatasi, kumbuka kubadilishana gari ni mauziano mawili. Mikataba miwili kwa wakili, kadi mbili zihamishwe TRA, na kila upande uangalie kama gari lina madeni ya faini za trafiki au kadi yake imewekwa rehani ya mkopo. Msiachiane funguo kwa ahadi ya "kadi tutamalizia wiki ijayo". Fanyeni siku moja, mkiwa wote wawili mezani.

Bado natembelea Altezza. Kwa mama nikienda kipindi cha mvua naiacha mwisho wa lami kwa mwenye duka, namalizia kwa bodaboda. Bado naitaka Impreza, na sasa naitaka bila haraka.

Juzi dalali amepiga tena. Kuna nyeusi Buswelu, mwenyewe ni mwalimu, haijawahi kufunguliwa injini, anaulizia Altezza ya gia za mkono. Nikamwambia nitakuja na fundi Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

"Nimwambie akuandalie nini, mkubwa?"

"Mwambie asiiwashe mpaka nifike."