Bustani ya mji ni endelevu? Pima maji kabla ya kuhesabu maua

Ndugu, umeuliza utajuaje kama bustani inayojengwa mtaani kwenu Kisumu itadumu au imerembwa tu, na useme nini kwenye kikao cha maoni ya wananchi. Anza na maji.

Chukua mkebe wenye upana wa sentimita 15 hivi, uukate kitako na mfuniko ubaki wazi juu na chini, uuzamishe ardhini sentimita 5 kwa kugonga ubao uliowekwa juu yake. Jaza maji, yaache yazame yote, kisha jaza tena. Mara hii ya pili ndiyo unayopima: maji yameshuka milimita ngapi kwa nusu saa? Zidisha mara mbili upate kiwango cha saa nzima. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Kano karibu na Kisumu, hudanganya wakati wa kiangazi kwa sababu maji hukimbilia kwenye nyufa. Pima baada ya mvua, nyufa zikishaziba. Pima pia palipopita malori na rola, ulinganishe na kona ambayo haikuguswa. Tofauti ikiwa kubwa, nyasi zimetandikwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, na mizizi haitashuka. (Nakuru penye udongo wa majivu ya volkano shida ni kinyume: maji huzama upesi lakini udongo huchukuliwa, kwa hiyo kagua mizizi iliyo wazi na mchanga mdomoni mwa mtaro.)

Kisha piga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Njia za kabro (matofali ya zege ya kutandika njia) zenye mita za mraba 400 zikinyeshewa milimita 20 hupokea lita 8,000. Zinaenda wapi? Ukingo wa zege usio na mwanya huzisukuma mtaroni hadi ziwani, halafu Januari bauza (lori la maji) linaitwa. Nyasi za mita za mraba 1,000 zikinyweshwa milimita 5 kwa siku hunywa lita 5,000, yaani bauza la lita 10,000 ni siku mbili tu. Dai vitanda vya mimea viwe chini kuliko kabro kwa sentimita 10, na ukingo ukatwe mianya.

Miti usihesabu iliyopandwa. Ipe namba, uihesabu iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, la sivyo mche uliorudishiwa utahesabiwa kama ule wa kwanza. Angalia shingo ya shina (pale linapokutana na mizizi) haijafukiwa, maana huoza. Mkuyu ni mti mzuri sana wa huku, ila usipandwe karibu na mabomba.

Kivuli kipime mchana saa sita kwa hatua: hapa karibu na Ikweta huwa karibu sawa na upana wa matawi. Lakini benchi likague saa tisa alasiri. Lisipokuwa na mti upande wa magharibi, hakuna atakayelikalia.

Kikaoni omba mambo mawili kwa maandishi: mchoro wenye mishale ya mteremko wa maji, na fungu la pesa za kumwagilia miche kwa miaka 2 ya kwanza.