Makopo yetu na kampuni zilizoungana

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi na wenzangu tunaokota makopo, yaani chupa tupu za plastiki, ufukweni na sokoni hapa Lindi mjini. Nasikia kampuni kubwa ambazo sokoni ni wapinzani zimeungana ili zitumie plastiki iliyorejelezwa kwenye vifungashio vyao. Kwa nini wasaidiane? Na mbona huku kwetu bei ya kilo haipandi?
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi nanunua makopo hapa Mtwara, nakujibu kama mtu wa mzani.

Kopo likishatupwa halina mwenyewe. Fungua gunia lako: kuna maji, soda, juisi, za kampuni mbalimbali. Kiwandani zote husagwa pamoja zikawa chengachenga, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kurudishiwa chupa zake peke yake. Sasa mmoja akitengeneza chupa nyeupe, yaani ile angavu, ya PET (plastiki ya chupa za maji na soda), na mwingine akaivisha ya kwake lebo ya PVC, plastiki ya aina nyingine, huyo wa pili amemharibia wa kwanza. PVC huungua kabla PET haijayeyuka, na mzigo mzima unageuka njano. Rangi nayo ni kikwazo: chupa ya kijani iliyosagwa haiwezi kurudi kuwa nyeupe. Ndiyo maana mwaka 2022 Sprite iliacha chupa ya kijani huko Marekani ikaingia nyeupe.

Sheria pia imewasukuma. Umoja wa Ulaya ulitaka kuanzia 2025 chupa za PET za vinywaji ziwe na angalau asilimia 25 ya plastiki iliyorejelezwa, na ifikapo 2030 asilimia 30 kwa chupa zote za plastiki za vinywaji. Mzigo safi wa kutosha haupatikani kwa mtu mmoja. Carbios, kampuni ya Ufaransa ya teknolojia ya kurejeleza plastiki, na L'Oréal ya vipodozi waliunda umoja, wakaingia Nestlé Waters, PepsiCo na Suntory, na mwaka 2021 wakaonyesha chupa zilizotokana na PET iliyovunjwavunjwa kwa vimeng'enya (protini zinazomeng'enya vitu) hadi kurudi kwenye malighafi yake ya mwanzo. Gharama ya utafiti wa namna hiyo ni nzito, wakagawana.

Kuhusu bei, adui yetu ni hewa. Gunia la makopo ni kubwa kwa macho, kwenye mzani halifiki popote. Kutoka Lindi hadi Dar ni kama kilomita 450, na mwenye lori anahesabu nafasi uliyojaza, hahesabu kilo zako. Msimu wa korosho ukifika, malori yanagombewa na sisi wa makopo tunawekwa pembeni. Pasipo mashine ya kubana marobota, nauli inakula bei yote, na dalali anakulipa kilichobaki. Hili linaniuma, kwa sababu ahadi zote hizo za kampuni zinaanzia kwenye mgongo wa muokotaji, naye hajaitwa kwenye kikao hata kimoja. Wakitaka mzigo wa kusini, watuletee mashine ya kubana Lindi na Mtwara.

Wakati tunalidai hilo, fanyeni kama wao: ungeni mizigo yenu. Kikundi kimoja kikimpigia mwenye lori simu na mzigo wa kujaza lori, anasikiliza. Nyeupe ziwe gunia lake, bluu lake, kijani lake. Vifuniko vikusanyeni pembeni. Ni plastiki ya aina nyingine, kwenye maji vinaelea na chengachenga za PET zinazama. Kandamizeni kila kopo kwa mguu mkiwa mmefungua kifuniko.

Kitu kimoja nakusihi sana mwanangu. Chupa iliyowekwa dawa ya kupulizia mikorosho isiingie gunia lolote, hata kama ilikuwa chupa ya maji na imesuuzwa. Petroli ya bodaboda vilevile. Plastiki hunyonya, na chupa mpya itakayotoka humo mtu atainywea. Mimi nikisikia harufu narudisha gunia zima, hata kwa mteja wangu wa siku zote.